Mashine Iliyomkataa Usumani

Mukandekezi alikuwa mwanamke wa sauti ndogo na kazi safi. Kule Nyakabanda alijulikana kama mke wa Usumani, fundi cherehani mwenye duka la milango ya buluu pale kwenye mteremko. Lakini mjini, kwenye barabara ya maduka makubwa, alijulikana kwa jina lake mwenyewe, maana kwa miaka mingi alikuwa karani wa Madamu Connie, mzungu aliyekuwa akiuza vitambaa vya mapazia. Alimpigia taipu barua zake, akampangia risiti zake, akampokelea simu kwa Kifaransa cha taratibu kilichowafanya waliopiga wadhani kwamba anazungumza huku ameegemea mto.

Vita vilipozuka kaskazini, Madamu Connie alijikaza mwaka mzima, kisha moyo ukamshinda. Akafunga duka arudi kwao Ubelgiji. Siku ya kuagana alimshika Mukandekezi mkono, akampeleka mbele ya kompyuta yake, ile ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, akamwambia, "Hii ni yako. Na humu ndani mna programu ya kodi. Mimi kila mwaka naitumia kutengeneza kodi zangu za kwetu. Haina matata. Yenyewe inauliza, wewe unajibu, mwisho inakupa hesabu yako imeiva."

Hivyo ndivyo kompyuta ilivyopanda Nyakabanda nyuma ya pikapu, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na Mukandekezi kaipakata printa yake ili isigongwegongwe na mashimo ya njia. Wakaiweka sebuleni, juu ya meza iliyo chini ya dirisha. Mchana, jua likipita kwenye pazia la rangi ya chungwa, chumba kizima kiligeuka kuwa kama ndani ya tunda, na kile kioo cheusi kikawa kama kokwa lake.

Ikasadifu kwamba mwaka huo Usumani alikuwa amepata kazi kubwa ya kushona sare za shule. Ofisi ya kodi ikamwita, ikamwambia hayumo tena katika kundi la mafundi wadogo wanaolipa patenti basi, ile ada moja ya leseni kwa mwaka. Sasa alete tamko kamili la mapato yake kabla ya Machi kwisha. Mtu mwingine angeshikwa na kizunguzungu. Usumani alirudi dukani akitabasamu.

"Mimi sina wasiwasi," aliwaambia wateja, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Ninyi nendeni mkawabembeleze makarani wa mjini. Kodi yangu mimi inapikwa nyumbani. Mke wangu anabonyeza, mashine inapakua."

Usumani alikuwa mtu wa maneno matamu. Babu yake alikuja na bidhaa kutoka Ujiji, akaoa hapa, akazikwa hapa, na Kiswahili cha ukoo wao kilikuwa bado na mikunjo ya zamani, kama nguo nzuri iliyokaa sana sandukuni. Mukandekezi alilelewa kwenye mashamba ya Kagarama, katika nyumba ya Kinyarwanda kitupu, na alipokuwa msichana, maneno ya kijana huyo ndiyo yaliyomvuta kabla ya sura yake. Sasa wote wawili walikuwa na mvi. Waliishi kwa amani. Ila amani yao ilikuwa ya watu wanaopita pembeni mwa shimo moja kila siku bila kulitazama, wala kuambizana kwamba lipo.

Basi alasiri moja ya Februari, vyombo vimekwisha oshwa na uwanja umefagiwa, Mukandekezi aliketi mbele ya mashine, akaingiza disketi, akasubiri. Ndani kukawa na mkwaruzo, kama panya anayepanga vitu vyake. Kisha maandishi ya kijani yakajitokeza: Karibu. Jina lako nani?

Akaandika lake, akidhani la mume litaulizwa mbele.

Unaishi mji gani?

Akaandika Kigali. Mashine ikatoa mlio mwembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa, na chini ya kioo yakatokea maneno: Jibu si sahihi. Anza tena.

Akaandika Kigali kwa herufi kubwa. Mlio. Akaandika Kigali, Rwanda. Mlio. Akaandika Nyakabanda, akidhani labda inataka mtu awe mkweli zaidi. Mlio mrefu. Mwisho ikamletea orodha ya miji yake yenyewe, ikimtaka achague mmoja. Ilikuwa miji ya kwa kina Connie, majina yenye herufi nyingi zisizosomwa. Mukandekezi aliitazama huku mikono yake imelala mapajani. Kisha akachagua mmoja ambao jina lake lilikwisha kwa sauti inayofanana na maji. Alijiambia ni kwa muda tu. Atakaporudi nyuma atapasahihisha. Hakujua kwamba programu ile haikuwa na desturi ya kurudi nyuma.

Nyumba yako unaipasha joto kwa nini?

Hapo alicheka peke yake. Chini yake yalikuwepo majibu: mafuta, gesi, umeme, makaa. Akafikiria jiko lake la uani, akachagua makaa. Tani ngapi kwa mwaka? ikauliza mashine. Akataka kuandika gunia, ikakataa gunia.

Daphrose, jirani yake aliyeuza maziwa ya kuganda, alikuwa amekwisha kuingia na kusimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mnene wa moyo mwema, na Kiswahili chake alikiokota sokoni.

"Sasa iko inakatara nini tena?" akauliza.

"Inataka kujua makaa ninayochoma ili nisife kwa baridi."

"Baridi gani? Hapa Nyakabanda?"

"Si hapa. Kule inakodhani niko."

Daphrose akainama, akakichungulia kioo kama anayechungulia kisima. "Mwambie ukweri tu," akasema. "Mwambie weye hauko kure."

Lakini ukweli ndio hasa kitu mashine ile isichoweza kumeza. Iliuliza umbali kutoka nyumbani hadi kazini, na Mukandekezi akaandika sifuri, kwa kuwa duka la Usumani liliegemeana na nyumba yao ukuta kwa ukuta. Sifuri ikakataliwa. Iliuliza anakwenda kwa gari, kwa baiskeli au kwa treni. Akaandika kwa miguu, ikalia. Kabla hajaamua, umeme ukakatika. Umeme wa siku hizo ulikuwa mgeni mwenye haraka: alikuja bila kupiga hodi, akaondoka bila kuaga. Kioo kikafa, na majibu yote yakaenda zake.

Akaanza tena kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara mashine ilimwuliza jina lake kana kwamba hawajapata kuonana. Kuna siku alifika mbali, akasahau kuhifadhi, umeme ukamnyang'anya. Kuna siku alihifadhi, na disketi ikasema haimjui. Siku nyingine mashine iliganda tu, alama yake ndogo ikipepesa kama jicho la mtu anayefikiria jambo jingine, na yeye akakaa akilitazama jicho lile mpaka chai ikapoa. Jioni Usumani aliuliza, "Imefika wapi?" naye akajibu, "Inakuja." Hakuwa na ujasiri wa kumwambia mtu aliyejisifu mtaa mzima kwamba wameshindwa kupita mlango wa kwanza.

Kikwazo kikubwa kilikuwa ndoa. Programu iliuliza: Umeolewa? Naye kila siku alijibu ndiyo, na kila siku ilimtaka namba ya mume. Alijaribu namba ya patenti ya Usumani. Ilikuwa fupi mno. Alijaribu ya kitambulisho. Haikupenda mpangilio wake. Akajazia masifuri mbele, akajazia nyuma. Mlio, mlio, mlio. Akamwita Usumani mwenyewe aje ataje namba yoyote aliyowahi kupewa maishani, na Usumani, bila kuuliza sababu, akasimama pale mlangoni na pini mdomoni, akataja hata namba ya cherehani yake. Mashine haikumtaka.

Ndipo alasiri moja, chumba kimejaa ile rangi ya chungwa na nje hakuna sauti isipokuwa cherehani ng'ambo ya ukuta, Mukandekezi akachoka. Hakukasirika, alichoka tu, kama mtu anayeacha kamba imtoke mikononi. Mashine ikauliza: Umeolewa? Akabonyeza hapana.

Hakuna mlio. Ukurasa ukageuka wenyewe, laini, kama mlango uliotiwa mafuta. Na mwingine. Na mwingine. Akaandika kwamba anakwenda kazini kwa treni, ikashukuru. Akaandika tani za makaa, ikashukuru. Maisha yake hajapata kuona treni, ila sasa aliisikia: alikuwa ameketi dirishani, nje miti imevuliwa majani, mto unakwenda sambamba naye, na kioo cha dirisha kimeingia ukungu wa pumzi yake. Alivaa glavu. Alikuwa mwanamke wa mji ule unaosikika kama maji, na hakuna mtu aliyemtaka ajieleze.

Kisha likaja swali: Una watoto wangapi?

Akaandika sifuri. Hii sifuri ilikubaliwa mara moja, na hilo ndilo lililomuuma. Sifuri ya umbali ilikataliwa, sifuri ya mume haikutosha, lakini hii iliingia bila shida. Alama ikasimama mbele yake ikipepesa, ikingoja abonyeze aendelee. Hakuendelea. Cherehani ng'ambo ikanyamaza, ikaanza tena. Mukandekezi akaifuta sifuri, akaandika moja.

Jina la mtoto?

Ikirezi.

Mwaka wa kuzaliwa?

Akauandika. Mashine ikahesabu yenyewe, ikaonyesha umri: miaka kumi na mitatu. Mukandekezi akaweka kiganja mdomoni. Yeye mtoto wake alikuwa hajapita miaka miwili. Surua ilimchukua kabla maneno yake hayajawa sentensi. Waliomwita Mama Ikirezi waliendelea kumwita hivyo kwa muda, kisha wakaona haya, kisha wakaacha. Wahenga walisema asiye na mwana na aeleke jiwe. Yeye hata jiwe hakueleka. Alikwenda kazini kwa Madamu Connie, akapiga taipu.

Anaishi nawe? Ndiyo. Anasoma? Ndiyo. Mashine ilipokea kila jibu kwa adabu, bila kumdai cheti wala shahidi, na mwisho ikampunguzia kodi kwa sababu ana mtoto wa kulea. Mukandekezi aliketi pale mpaka jua likahama dirishani. Alikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye shingo ya kina Usumani, aliyekuwa anamngojea kituoni akiwa na mkoba mgongoni.

Tangu siku hiyo hakulalamika tena. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini kila alasiri aliiwasha mashine akaongeza kitu: gharama za vitabu, bima, ukarabati wa paa. Daphrose akija na kibuyu chake alimkuta amekaa kimya na uso wake umelainika. "Sasa imekubari?" akauliza. "Imekubali," akajibu Mukandekezi, kwa sauti ya mtu aliye mbali.

Ikafika Ijumaa moja ya Machi. Usumani alirudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akakuta printa inakwaruza, karatasi ndefu yenye matundu pembeni ikitambaa kutoka mdomoni mwake mpaka sakafuni. Alifurahi kama mtu aliyezaliwa upya.

"Alhamdulillahi! Imeiva?"

"Imeiva," akasema Mukandekezi, na papo hapo akaelewa kwamba hakuwa amefikiria hata kidogo nani ataisoma. "Lakini ngoja, kwanza niipange..."

Usumani alikuwa amekwisha kuikata. Aliweka miwani. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, alikwenda nacho polepole, kidole kikiandamana na macho. Alisoma jina. Alisoma mji, akakunja uso. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Hali ya ndoa," akasema. "Hili neno linasema nini?"

Mukandekezi akaizima printa.

"Nimekuuliza, mke wangu. Au nisikuite hivyo?"

"Usumani, ni mashine. Ilikataa namba zako zote. Ulikuwepo, uliona. Nikiandika nina mume haiendi mbele."

"Kwa hiyo ukaniacha nyuma."

"Sikukuacha."

"Hata talaka, Mukandekezi, ina mashahidi. Ina eda. Mimi nimeachwa kwa kidole, nikiwa hapo nyuma ya ukuta nashona." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Na mtaa mzima nimewaambia mke wangu ananipikia kodi."

Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa kanzu, akatoka. Mukandekezi alisikia mlango wa buluu ukifunguliwa, halafu hakusikia cherehani. Alingojea. Akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Akamkumbuka mwanamke wa treni, akajaribu kumwita, na kwa mara ya kwanza hakuja. Likaja dirisha tupu tu.

Adhana ya alasiri ilipolia akajifunga khanga, akazunguka kwenda dukani. Usumani alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, sare za shule zimemzunguka kwa marundo, na ile karatasi imetandazwa juu ya kitambaa cha buluu. Ilikuwa imefunguliwa mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuinua kichwa.

"Umeandika anasoma," akasema. "Anasoma darasa gani?"

Mukandekezi alisogea karibu. Akashika ukingo wa meza. "Sekondari," akasema. "Ameingia mwaka huu."

"Hukohuko kwenye baridi?"

"Hukohuko."

Usumani akaipitisha mikono yake juu ya karatasi, kama anavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata. "Na kwa baridi yote hiyo, ana koti?"

 Katika alasiri zote zile alikuwa amemlipia vitabu, amemtengenezea paa, amempandisha treni. Koti hakulikumbuka.

"Maana kule wewe huna mume," akaendelea Usumani. "Nani amemshonea? Mtoto wa fundi, avae koti la dukani? Mimi maisha yangu yote nimemkatia kitambaa kimoja tu, kile cheupe cha kumzikia, na unakijua. Nimeshona nguo za watoto wa mji huu wote. Kila sare ikipita chini ya sindano, najiuliza sasa angevaa saizi gani."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unatoka asubuhi na viatu vyako vizuri, unarudi na Kifaransa chako. Nikadhani umepona. Nikasema nisimtoneshe kidonda mwenzangu."

"Nami nilikusikia ukichekesha wateja," akasema Mukandekezi. "Nikadhani wewe ndiye uliyepona."

Akaketi juu ya rundo la sare. Mteja mmoja alisimama mlangoni na suruali ya kupunguzwa, akawatazama, akaondoka. Wakaanza kuzungumza, kwanza kwa vipande, kisha kwa wingi, kama mvua inayoanza juu ya mabati. Wakakumbushana jinsi Ikirezi alivyokataa kulala bila kushika sikio la mtu. Wakabishana jino lake la kwanza lilikuwa la juu au la chini. Usumani akasema la juu, akaapa. Mukandekezi akacheka huku machozi yakimtiririka, kwa sababu lilikuwa la chini, na kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuwa amepata mtu wa kubishana naye.

Waliporudi nyumbani bado palikuwa na mwanga. Usumani akavuta kiti, akaketi kando ya mkewe mbele ya mashine. "Nitafutie nafasi," akasema. "Hata ya mpangaji." Wakajaribu. Wakamwingiza kama mume, ikalia. Wakamwingiza kama ndugu, ikataka tarehe aliyowasili nchini. Wakamwingiza kama mtu mzima tegemezi, ikauliza ulemavu wake ni upi. "Iandikie ukaidi," akasema Usumani, na Daphrose aliyekuwa uani akasikia kicheko chao akajiuliza ofisi ya kodi imewapa nini.

Jumatatu walikwenda pamoja mjini, yeye amevaa viatu vyake vya kazini, Usumani na koti lake la harusi za watu. Ofisi ya kodi ilikuwa na korido ndefu ya kijani iliyonuka wino na mvua. Afisa aliyewapokea aliitwa Évode, kijana mwenye macho ya usingizi na kalamu mbili mfukoni. Aliipokea karatasi ya mashine, akaisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo Mukandekezi alilishukuru hata miaka ya baadaye.

"Mama, imepangwa vizuri sana," akasema. "Sijaona tamko safi kama hili. Ila huyu mtu si wetu. Huyu analipa kwao, kwa sheria za kwao."

"Ndiyo," akasema Mukandekezi. "Anaishi mbali."

Évode akafungua droo, akatoa fomu ya kawaida, akaanza kuwauliza, naye Mukandekezi akitoa risiti moja baada ya nyingine kutoka kwenye bahasha. Mji: Kigali. Kalamu ikaandika bila mlio wowote. Kazi: fundi wa kushona. Umbali haukuulizwa. Ameoa?

"Nimeoa," akasema Usumani kwa sauti iliyofika mwisho wa korido.

"Watoto?"

Wakatazamana.  Nje gari lilipita na vioo vya dirisha vikatetemeka kidogo.

"Tulikuwa naye mmoja," akasema Mukandekezi.

Kijana yule akaitazama fomu, akaitazama tena, kana kwamba anatafuta mahali. "Mama, hapa hapana pa kuandika tulikuwa," akasema taratibu. "Nisamehe. Nitaweka kistari."

"Weka kistari," akasema Usumani. "Kinatosha."

Walipotoka, mvua ilikuwa imekatika na vilima vyote vilikuwa vimesogea karibu, kama vinavyofanya baada ya mvua. Kompyuta ile hawakuiuza. Mukandekezi aliendelea kuitumia kupiga barua za majirani, barua za kuomba kazi na za kudai viwanja, na mtaa ukamjua kwa hilo. Programu ya kodi hakuifungua tena. Si kwamba aliiogopa. Alisema tu kwamba yule mwanamke ana haki ya kuachwa apumzike.

Lakini kabla ya hayo yote, siku hiyohiyo ya ofisi ya kodi, walipofika njia panda ya kupandia nyumbani, Mukandekezi alisimama.

"Sijawahi kuliona kaburi lake," akasema.

Ilikuwa kweli. Siku ile wanaume walimchukua mtoto wakaenda naye, na wanawake wakabaki ndani na Mukandekezi, kama ilivyo desturi. Na baadaye yeye hakuomba, na Usumani hakusema. Usumani alisimama naye kidogo pale njia panda, watu wakiwapita na mizigo yao. Kisha badala ya kupanda akashika njia ya Nyamirambo, naye akamfuata.

Makaburi ya Waislamu yalikuwa kwenye mteremko, nyasi ndefu zimelala kwa uzito wa mvua. Usumani alitembea mbele kwa uhakika, akageuka, akarudi. Alikuwa akitafuta mti, mnyinya mkubwa aliouwekea alama moyoni. Mti haukuwepo, kumbe ulikwisha kuwa kuni za watu. Akaenda huku, akaenda kule, pindo za suruali yake zikilowa. Mwisho akasimama kati ya vituta viwili vidogo vilivyokaribiana, kimoja kimezungushiwa mawe, kingine kimemea maua ya porini ya manjano.

"Ni kimojawapo," akasema, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyevunja kitu. "Wallahi, Mukandekezi, nilikijua. Nilikuwa nakijua kabisa."

Mukandekezi alivitazama vyote viwili. Upepo ulipita, nyasi zikainuka na kulala. Chini bondeni moshi wa mapishi ulikuwa unapanda kutoka kwenye mabati, ukining'inia hewani kama kitu kilichosahau kinakokwenda. Hakuhisi ile hasira aliyoitarajia. Alipiga magoti mbele ya kile chenye maua, akaanza kung'oa magugu.

"Je, kama siye?" akauliza Usumani.

"Kama siye, ni mtoto wa mwenzetu," akasema. "Njoo unisaidie, kisha tufanye na cha pili."

Usumani akavua koti lake, akalitandika juu ya nyasi zilizolowa, akainama kando yake.